Kivuli cha Magari

Tulipomzika mama, miezi michache iliyopita, akina mama wa mtaa walikuja kupika uani kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, kama inavyofanyika kwenye kila matanga. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mvuke wa fufu, ugali wetu wa muhogo, ukinijia usoni pamoja na moshi wa makala, ndiyo mkaa, na harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yakichemka na mawese. Mzee mmoja wa parokia alisimama kumsifu marehemu. Alisema Mama Masika alikuwa mama wa kujitolea, alilipikia kanisa kwa furaha, na hakuwahi kulalamika hata siku moja. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Masika ni mimi. Mama aliitwa kwa jina langu tangu siku aliyonizaa. Nilisikia shingo ikipata moto. Nilitaka kusimama nimwambie yule mzee kwamba huyo anayemsifu mimi simjui. Mama yangu alilalamika. Alilalamika kwa sauti, mchana, siku ya sherehe, mbele ya wageni, nami nilikuwepo, naye mzee alikuwepo. Sikusimama, kwa sababu matangani si mahali pa kugombana. Lakini hasira ile haijapoa, na sioni namna ya kuipoza ila kusimulia mambo yalivyokuwa.

Nilikuwa mtoto wa kujiandaa kwa komunyo ya kwanza. Parokia yetu ilikuwa inatayarisha sherehe ya mtakatifu msimamizi wake, na mwaka ule wageni wakubwa walitarajiwa, watu wa magari. Jumapili moja baada ya misa, katekista alitangaza kwamba wanatafutwa akina mama wa kujitolea jikoni. Mama, aliyekuwa kati ya viongozi wa akina mama, akasimama kati ya wale wa kwanza, akanyoosha mkono. Mimi nikamshika kikwembe alichojifunga nikimvuta akae. Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa habari za Abrahamu, kuni, kisu na sadaka ya kuteketezwa, na kichwani mwangu neno kujitolea lilikuwa na maana moja tu: mama amekubali kuwekwa juu ya moto. Njiani kurudi nyumbani nililia. Aliponiuliza na kuelewa, alicheka mpaka akasimama kando ya njia ajishike mbavu.

"Wee Masika," akasema, "ni kupika tu. Hakuna mutu atachomwa."

Mtu asiyeijua Goma hudhani kwetu ni baridi, kwa ajili ya milima na ziwa. Mara nyingi ni kweli. Lakini kiangazi kile mvua ilikatika mapema, na jua likapiga bila kupumzika. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Mawe yale yanakunywa jua tangu asubuhi, na ikifika mchana yanalitapika. Ukitembea, unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Vumbi lilikuwa jeusi, laini kama majivu, na lilitukaa puani. Maji yalikuwa shida. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao, walisukuma bidoni, madumu ya maji, kutoka ziwani mpaka kwetu huku wakihema, na bidoni zikifika, maji yalikuwa yamepata uvuguvugu.

Komite ya sherehe ilikuwa na mwenyekiti ambaye sote tulimwita Papa Prezida. Alikuwa mwanaume msafi, mwenye sauti ya upole, na hakuna aliyewahi kumuona bila tai. Aliwaahidi akina mama kwamba jikoni itakuwa kwenye baraza ya shule ya parokia, karibu na ukumbi, na kwamba kati ya bashi tatu zilizoazimwa, moja itakuwa yao. Bashi ndiyo yale maturubai makubwa ya kusimamishwa kwa nguzo. Mama aliirudia ahadi hiyo nyumbani kwa furaha. Alisema hata moto ukiwa mkali, mtu akiwa na kivuli anaweza kupika siku nzima.

Tulifika asubuhi na mapema. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, mwiko wake wa fufu begani kama jembe. Pamoja nasi alikuwepo Mama Neema, jirani yetu kutoka upande wa Bukavu, mwanamke kijana mwembamba aliyekuwa bado ananyonyesha. Kazi yangu ilikuwa kumbeba Neema mgongoni ili mama yake apate mikono ya kufanyia kazi. Hapo barazani tulimkuta Papa Prezida akitusubiri, tayari na tai yake.

"Akina mama, karibuni. Lakini jikoni haitakuwa hapa," akasema. "Wageni hawawezi kula na moshi. Tumewatayarishia pale nyuma."

Pale nyuma palikuwa nyuma ya vyoo vya shule. Ilikuwa ni sehemu ya mawe matupu, bila mti, bila ukuta wenye kivuli. Mama akauliza bashi yao iko wapi.

"Bashi inakuja, mama. Muanze tu kuwasha moto."

Wakawasha. Sufuria kubwa zikakalishwa juu ya mawe, kuni zikashika, na akina mama wakagawana kazi: huku maharagi, kule sombe, samaki wa kukauka kutoka Vitshumbi wakalowekwa kwenye beseni. Kila aliyeinua kichwa aliangalia njia ya kuleta bashi. Jua likapanda. Kengele ya misa ikapigwa, tukasikia nyimbo kwa mbali, na waliokuwa wanapika wakafanya ishara ya msalaba wakiwa wameshika miko. Nakumbuka jasho likitiririka kwenye kidevu cha mama na kudondoka juu ya mawe, na kila tone likikauka kabla sijamaliza kuliangalia. Neema alikuwa moto mgongoni mwangu kama chupa ya chai. Nikatumwa niende kutafuta kivuli ili mtoto apumue.

Ndipo nilipoiona bashi yetu. Zile mbili zilikuwa mlangoni mwa kanisa, na hii ya tatu ilikuwa imesimamishwa kwenye uwanja wa mbele, imekazwa vizuri kwa kamba na nguzo. Chini yake kulikuwa na magari. Jeep nyeupe, jeep nyeusi na jingine la rangi ya mchanga, yamepangwa kama watu waliokaa kwenye benchi. Nilivyokuwa mtoto, nilidhani lazima ndani ya magari kuna mgonjwa, mtu mkubwa aliyeugua njiani, ndiyo maana amepewa kivuli. Nikasogea, nikaweka viganja kwenye kioo, nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na viti vya ngozi tu. Katika gari la mwisho, milango ikiwa wazi, shofere alikuwa amelala na kofia usoni.

Nikarudi nikamwambia mama. Hakuniamini, akaja kuona mwenyewe. Alisimama pale, mkono kiunoni, uso umejaa masizi, akiyatazama yale magari kwa muda. Halafu akaenda mpaka mlango wa ukumbi, akamwita Papa Prezida. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Papa Prezida, ile bashi ilikuwa yetu."

"Mama, wageni wametoka mbali. Wakiingia kwenye gari yenye imeiva na jua, watasema nini juu ya parokia?"

"Na siye tunaiva."

"Muvumilie kidogo. Mumutolee Mungu hiyo taabu. Mungu anaona."

"Mungu anaona," mama akasema. "Na siye tunaona."

Akarudi jikoni. Hakuwaambia wenzake maneno mengi. Alisema tu, "Bashi haiko," akashika mwiko.

Mchana ulipofika, chakula cha kwanza kilikwisha kuingia ukumbini: wali, samaki, maharagi, sombe. Fufu hupikwa mwisho ili ifike mezani ikiwa moto, na fufu ya watu wengi ni kazi ya mabega. Mama Neema alikuwa kwenye sufuria ya pembeni. Maji yalikuwa yanachemka kwa nguvu, naye alikuwa anasubiri kumwaga unga. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha zamani. Lile pipa lililokuwa karibu na ukumbi lilikuwa la wageni kunawa mikono, na kijana wa protokole, mpokea wageni, alikuwa amesimamishwa hapo kulilinda. Nilimuona Mama Neema akifuta uso kwa ncha ya kikwembe. Kisha nilimuona akiangalia kitu ambacho hakikuwepo. Akaanguka upande wa moto, sufuria ikainama, na maji yakamwagikia mkono wake na bega.

Sauti aliyoitoa sitaieleza. Mtoto wake aliisikia, akaanza kulia mgongoni mwangu.

Mama na wengine walimvuta mbali na moto. Alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa mikavu, na ngozi ya mkono ilikuwa inabadilika rangi mbele yetu. Hapakuwa na pikipiki karibu. Mama akanigeukia.

"Kimbia uombe gari. Sema mutu amechomwa na maji."

Nikakimbilia kwa shofere. Aliamka, akanisikiliza, akakaa wima. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo. Akasema, "Mutoto, miye minatumwa tu. Funguo niko nazo, lakini ruhusa sina. Nenda umuulize Papa Prezida, mbio."

Nikaingia ukumbini na Neema mgongoni. Mpaka leo ngozi yangu inakumbuka ubaridi ule. Sakafu ya simenti, mapazia yameshushwa, chupa za vinywaji zinatoa jasho juu ya meza. Mgeni mkubwa alikuwa amesimama anahutubia. Papa Prezida alikuwa karibu naye. Nikapita kando ya ukuta mpaka kiti chake, nikamnong'oneza kwamba Mama Neema ameanguka, amechomwa na maji ya fufu, tunaomba gari.

Aliniinamia. Alinukia marashi. Alikuwa anatabasamu, na aliendelea kutabasamu wakati wote wa maneno yake, kwa hiyo waliokuwa wanatuangalia walifikiri anasema na mtoto kwa wema.

"Nani amekuruhusu kuingia hapa na miguu ile?" akasema polepole. "Mugeni anaongea. Waambie wamumwagie maji. Nitakuja."

Nami kwa sababu ya tabasamu lile nilielewa kwamba amekubali. Kwangu, mtu mkubwa akikutabasamia hivyo na kusema nitakuja, yuko njiani. Nikarudi mbio nikamwambia mama, "Amesema anakuja." Tukasubiri. Akina mama walimzunguka Mama Neema wakishika vikwembe vyao juu yake kama pazia, ili angalau yeye apate kivuli. Kutoka ukumbini tukasikia makofi. Halafu tukasikia sauti ya Papa Prezida kwenye kipaza sauti, akimshukuru Mungu kwa jua zuri alilotupatia, kwa maana mvua ingetuharibia sherehe.

Mama aliyasikia maneno hayo akiwa amepiga magoti. Akasimama. Vijana wa kubeba chakula walikuwa wamefika na sinia zao, wametumwa kuchukua fufu. Mama akafunika sufuria kubwa, akasimama mbele yake, mwiko mkononi.

"Fufu haitoki," akasema.

Vijana wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Mama akarudia, bila kuongeza sauti. "Muende museme hivi: fufu haitatoka mpaka gari itoke."

Wenzake wakaangaliana. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mama wa shirika la jirani, jumuiya ndogo ya Kikristo kama yetu, aliyekuwa anasimamia sufuria ya pili. Nilimuona akisita, akitazama upande wa ukumbi, halafu akaichukua sahani kubwa akaifunika sufuria yake. Mwingine naye akafanya vile. Wote wakasimama kwenye jua lile, mbele ya chakula kinachotoa mvuke.

Haikuchukua muda. Wageni wenye samaki na sombe mezani, bila fufu, wanageuza shingo. Papa Prezida akatoka mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kufika kule nyuma. Alikanyaga mawe kwa uangalifu kwa ajili ya viatu, na kabla hajatufikia alikuwa tayari amelegeza tai.

"Mama Masika, ni nini hii? Unatuletea haya mbele ya wageni?"

"Angalia chini," mama akasema.

Akaangalia. Nadhani mpaka wakati ule hakuwa ameamini. Uso wake ulibadilika, hilo nalisema kwa haki. Lakini neno la kwanza lililotoka mdomoni mwake lilikuwa, "Mungenieleza mapema."

"Tulikutumia mutoto."

"Mutoto anajua kueleza?"

Hapo mama alilalamika. Ndiyo, alilalamika, na sauti yake ilifika ukumbini, kwa sababu niliona mapazia yakifunguliwa na nyuso zikichungulia, uso wa yule mzee wa matangani ukiwa kati yao. "Alieleza. Ulimuambia miguu yake ni michafu. Ni michafu kwa sababu ya makala yenye imepika samaki wenye mulikuwa munakula. Bashi uliipatia vyuma, Papa Prezida. Vyuma havianguki. Watu wanaanguka. Sasa leta gari, ao ingia huku ukoroge fufu wewe mwenyewe."

Hapo hapo tukasikia gari. Yule shofere hakuwa amesubiri ruhusa. Alilitoa gari chini ya bashi na kulileta kwa nyuma, likiyumba juu ya mawe mpaka karibu na sufuria. Akashuka, akamsaidia mama kumuingiza Mama Neema kwenye kiti cha ngozi. Mimi nikapandishwa pia na mtoto. Mama akaufunga mlango, akatuangalia kupitia kioo, halafu akageuka. Nilimuona akifunua sufuria na kuanza kuwapakulia wale vijana.

Mama Neema alipona. Alikaa hospitali muda mrefu, na mkono ukabaki na ngozi ya kung'aa iliyojikunja, na kiwiko hakikunyooka tena vizuri. Hakuweza tena kutwanga sombe. Kutoka komite hakuja mtu kumuona. Shofere alikuja, na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni kwa aibu kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Aliyeitwa kujibu ni mama. Kwenye mkutano wa shirika, uani kwa katekista, walisoma Injili, wakaimba, halafu wakamwambia kwamba ameaibisha parokia mbele ya wageni na inafaa aombe msamaha. Nilikuwa nimekaa miguuni pake. Mama akasimama.

"Nitaomba," akasema. "Nitamuomba Mama Neema anisamehe, juu nilichelewa. Ningezuia fufu tangu asubuhi."

Wakamwondoa kwenye uongozi wa akina mama. Baba yangu, ambaye wakati ule alikuwa anasafiri na bidhaa kati ya Butembo na Goma, aliporudi alisikia habari, akamshauri aombe tu msamaha ili mambo yaishe. Mama alimwekea chakula mezani, akaenda kuanua nguo.

Mwaka uliofuata, siku ya kutangaza sherehe, katekista akaomba tena akina mama wa kujitolea jikoni. Hakuna mkono ulioinuka. Hawakuwa wamefanya mkutano, najua, kwa sababu ningesikia. Kila mmoja alikuwa amekaa na kumbukumbu yake. Katekista akarudia tangazo, akakohoa, akaendelea na mengine. Mwishowe komite ikaamua kwamba mwaka ule watapika wababa na vijana.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Asubuhi ya sherehe, kabla hata kuni moja haijashika, bashi ya jikoni ilikuwa tayari imesimama. Hakuna aliyeiomba. Iliwekwa karibu na ukumbi, pale pale palipokuwa panakatazwa kwa sababu ya moshi, na chini yake palikuwa na viti, na bidoni za maji ya kunywa. Ilijulikana, basi. Siku zote ilijulikana kwamba binadamu anayepika kwenye kiangazi anahitaji kivuli na maji.

Baada ya misa mama hakurudi nyumbani. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha samawati, kile cha ndoa za watu. Akamshika Mama Neema mkono ule mzima, wakaingia ukumbini, wakakaa kwenye safu ya mbele. Mimi nikakaa kati yao. Kijana wa protokole akaja, akainama.

"Mama, samahani. Viti hivi ni vya wageni."

"Ninajua, mwanangu," mama akasema. "Leo siye ni wageni."

Kijana akamtafuta Papa Prezida kwa macho. Papa Prezida alikuwa amesimama karibu na meza kubwa. Aliwaona. Aliutazama mkono wa Mama Neema, uliokuwa juu ya meza, umejikunja. Akainua chupa moja, akasoma maandishi yake kwa makini sana. Kijana akasubiri, hakupata ishara, akaenda akaleta sahani.

Fufu ilikuwa na madonge. Katikati unga ulikuwa bado mbichi, na sombe ilikuwa imeungua chini. Mama Neema aliangalia sahani, akamwangalia mama, na wote wawili wakauma midomo wasicheke. Halafu mama akanawa, akamega tonge, akalichovya, akala taratibu, mgongo wake umeegemea kiti. Alikula mpaka sahani ikaisha. Nilikuwa sijawahi kumuona akila chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na nilisahau kula changu kwa kumtazama.